Mwongozo wa Baharia wa Pioneer

Mkazi wa Pioneer, hapa Eldoret, anayetaka kusafiri kwa tanga kutoka Mombasa hadi Lamu huku akilala njiani ana kikwazo kimoja tu: bahari haipo. Iko mbali kilomita 800 hivi kwa barabara, tena chini kwa zaidi ya mita 2,000. Majirani watakuambia hicho ni kikwazo kikubwa. Wasikilize kwa heshima, waandalie chai, kisha endelea kufunga mizigo.

Kwanza, usishawishike na njia ya mkato ya Mto Sosiani. Nimeichunguza kwa niaba yako. Sosiani huingia Kipkaren, Kipkaren huingia Nzoia, Nzoia humwagika Ziwa Viktoria, na ziwa hutoka kwa Mto Nile. Ukisukuma mtumbwi kutoka darajani mjini, ukanusurika mawe, maporomoko, viboko na maofisa wa mipaka ya nchi kadhaa, utatokea Misri kwenye bahari ya Mediterania, na huko utahitaji mwongozo mwingine. Maji ya Eldoret hayafiki Mombasa. Wanaofika Mombasa ni watu wa Eldoret, kwa basi la usiku, wakiwa na miguu iliyovimba.

Wala usidhani wewe ndiye wa kwanza kuunganisha Sosiani na Bahari Hindi. Mwaka 1908 makaburu walioongozwa na Van Rensburg walipanda meli Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, wakashuka Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakaburuta magari ya maksai matopeni hadi kwenye uwanda huu wa Uasin Gishu. Waliiona bahari wakaipa kisogo. Safari yako ni hiyohiyo kinyumenyume, ila bila maksai.

Sasa ratiba. Mimi yangu niliitengeneza kwa kompyuta, yenye rangi. Jumatatu Mombasa hadi Kilifi, maili 29 za bahari. Jumanne Kilifi hadi Malindi, 29 nyingine. Jumatano Malindi hadi Ngomeni, 15, siku ya kupumzisha mgongo. Alhamisi kukata Ghuba ya Ungwana hadi Kipini, 34. Ijumaa Kipini hadi Lamu, 26, kufika saa tisa alasiri na kuoga. Nilichapisha nakala tatu: ya mama watoto, yangu, na ya nahodha.

Nahodha aliipokea yake kwa mikono miwili pale Bandari ya Kale ya Mombasa. Mzee mfupi, kofia imefifia, miguu imepanuka kama majembe. Aliisoma yote taratibu, kidole kikifuata mstari.

“Mashallah,” akasema. “Hapa umeandika Jumanne.”

“Ndiyo, Ami. Jumanne tunalala Malindi.”

“Na kusi ameambiwa?”

Kisha akafungia mahamri yake kwa ile karatasi, kwa uangalifu mkubwa, upande wa rangi ukiwa nje. Ndiyo maana nasisitiza: chapisha ratiba, na uchapishe kwa karatasi nzuri. Ya bei rahisi hufyonza mafuta.

Hata hivyo umbali ule uweke kichwani, kwa sababu hauna kosa. Kosa ni siku. Jahazi linalokwenda maili nne au tano kwa saa hukamilisha kipande kama cha Mombasa hadi Kilifi kwa saa sita au saba, mchana mmoja bila haraka. Hesabu ya darasa la nne. Asichokuambia mwalimu wa darasa la nne ni kwamba saa hizo sita huanza kuhesabiwa siku upepo, maji na nahodha watakapokubaliana, na kikao chao hakina tarehe.

Kwetu Uasin Gishu mwaka una mambo mawili: kupanda mahindi na kuvuna mahindi. Pwani nako una mawili, kaskazi na kusi. Upepo huitwa kwa unakotoka, si unakokwenda, kama vile wewe utakavyoitwa “bwana wa bara” mpaka siku utakaporudi. Kaskazi hujitokeza Novemba na Desemba, huvuma hadi Machi, na husukuma vyombo kusini. Kwa karne nyingi ndiyo iliyoleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi kwenye bandari zetu. Kusi huingia Aprili, hukaza Juni na Julai mpaka vyombo vidogo hukaa ndani na mabaharia hushona matanga, kisha hulegea kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba. Msimu huo wa kulegea wenyewe huuita demani. (Neno hilo lina maana nyingine chomboni. Tutalifikia utakapoanza kutapika.)

Anayetoka Mombasa kwenda Lamu anaelekea kaskazini, kwa hiyo anataka kusi mgongoni, lakini kusi iliyokwisha kutulia hasira. Septemba, basi. Zaidi ya hayo, kuna mkondo wa bahari unaopanda kaskazini kando ya pwani, na wakati wa kusi hukubeba bila malipo. Wakati wa kaskazi mkondo mwingine huteremka kutoka upande wa Somalia, hukutana na wa kwanza maeneo ya kaskazini mwa pwani ya Kenya, kisha yote miwili hugeukia bahari kuu. Usiwepo.

Septemba ina faida nyingine: mahindi yako yamesimama shambani yakikauka na hayakuhitaji. Manahodha wa zamani, lakini, hawakuwa na Septemba. Walihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka wa jua, kwa makumi, na kila kumi huitwa mwongo. Ukimsikia nahodha akisema tuko mwongo wa tano, usigeuke kutafuta anayetukanwa.

Ukichelewa ukakuta upepo umegeuka, chombo italazimu kibishe: kwenda mshazari huku na huku, tanga likihamishwa kila mara, kuutafuta upepo unakotoka. Bara tunabisha hodi na mwishowe mtu hufungua. Huko wanabisha upepo, na upepo haufungui. Majahazi mengi siku hizi yana injini, na letu lilikuwa nayo. Nahodha aliitazama kama unavyomtazama shemeji aliyekuja kukaa wiki moja mwaka juzi: yupo, anakula, ila katika mambo ya maana hashirikishwi.

Baada ya upepo njoo kwenye maji, na hapa mtu wa Pioneer ana elimu ambayo hajui anayo. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku ikichelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti huweza kukaribia mita nne. Katikati yake ni maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Siku za bamvua, Mombasa hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne.

Tafakari hiyo saa kumi kabla hujaipita. Ina maana kwamba siku za bamvua unang'oa nanga alfajiri maji yakianza kutoka, yanakusindikiza mlangoni penye mwamba, unakwenda mchana kutwa, na unafika bandari ya pili alasiri maji yakiwa yamejaa, mchanga na matumbawe yakiwa chini kabisa ya chombo. Safari nzima ya kulala njiani imepangwa na mwezi, kazi yako ni kuamka tu. Ukienda siku za maji mafu, alasiri hiyohiyo bahari imepwa na unakaa nje ya mwamba ukitazama taa za watu waliokwisha kula.

Mtu wa kwetu anaelewa hili bila maelezo. Nyumbani kwangu mfereji nao una bamvua yake. Mchana unakohoa hewa, kisha usiku wa manane, siku ambazo hatujawahi kuzijua mapema, maji huja kwa nguvu, na mama watoto hunipiga kiwiko nikafungue tangi. Miaka kumi na moja nimekuwa nikijifunza ubaharia kwa kiwiko.

Kuhusu mizigo, chukua kidogo. Kofia, kwa sababu jua la baharini hukupiga mara mbili, likishuka na likipanda kutoka majini. Koti lako la Eldoret pia, usicheke: saa tisa usiku, juu ya sitaha, umelowa umande, utalikumbatia kama mtoto. Tangawizi na ndimu. Mimi nilibeba pia mursik katika sotet, kibuyu kile kirefu chenye mapambo ya ngozi na shanga. Siku ya pili nilikifungua. Mabaharia wakasogea, wakachungulia yale maziwa ya rangi ya majivu, mmoja akauliza ni dawa ya kalafati? Nahodha alionja kwa ncha ya ulimi, akafikiri kitambo, akasema kwamba Mwenyezi Mungu ameumba riziki za kila namna. Kibuyu kilibaki kwangu peke yangu hadi Kipini.

Kejeli isimame kidogo hapa. Valia jaketi okozi, na ulivae likiwa limefungwa, si kulikalia. Wengi wetu tuliozaliwa nyanda za juu tulijifunza kuogelea kwenye mabwawa ya ng'ombe, ambako ukichoka unasimama. Sikiliza utabiri wa bahari wa Idara ya Hali ya Hewa. Wawepo watu nchi kavu wanaojua umepanda chombo gani na unaelekea wapi. Kenya ina kikosi cha walinzi wa pwani tangu 2018, lakini hakimtafuti mtu ambaye hakuna aliyesema kwamba amepotea.

Kejeli iendelee. Utatapika. Usijidanganye kwamba aliyezoea matatu ya Iten kwenye zile kona amezoea kila kitu. Chombo kinapokwenda mrama, tumbo la mtu wa bara hurudi bara. Tazama upeo wa macho, tafuna tangawizi, na jifunze maneno mawili kabla ya yote: goshini na demani. Goshini ni upande upepo unakotoka. Demani ni upande unakokwenda. Mambo yote ya aibu hufanyiwa demani. Mimi nilijifunza maneno hayo kwa mpangilio usiofaa, na baharia aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amevaa shati jeupe.

Mombasa si kituo cha kulala, ni mahali pa kuanzia. Hivyo ndivyo nilivyoandika. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita hapo akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja akaendelea. Mimi nililala usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, juu ya magunia ya saruji, mita thelathini kutoka ngazi ya bandari. Saruji ilikuwa inangoja mafuta ya kupikia. Mafuta ya kupikia yalikuwa yanangoja karatasi. Karatasi ilikuwa inangoja mtu aliyekwenda mazikoni Likoni. Nikampigia simu mama watoto kumwambia kwamba safari inaendelea vizuri.

Jioni ya tatu nikaanza kutulia, na sababu yake ni ile elimu nyingine ya kwetu. Yeyote aliyewahi kulala siku nne kwenye foleni ya matrekta nje ya ghala la nafaka, juu ya mahindi yake, kiatu kikiwa mto, akijua jina la kila dereva mbele yake na magonjwa ya mama zao, amekwisha hitimu nusu ya mafunzo ya bahari. Tofauti ni kwamba kwenye foleni ya ghala kuna mtu wa kulaumiwa.

Kilifi pana raha na sina la kueleza. Unaingia mlango wa hori, maji yanatulia ghafla kama mtoto aliyemwona baba, unatia nanga, unakula samaki, unalala.

Malindi ni pa kulala ukiwa na somo. Vasco da Gama alifika hapo Aprili 1498, akapewa rubani, akaondoka mwezi huohuo kusi ikianza, na chini ya mwezi mmoja alikuwa amefika pwani ya India. Ratiba nzuri, na haikuwa yake, ilikuwa ya waliompa rubani. Kurudi alijipangia mwenyewe. Aliondoka Oktoba kabla ya kaskazi kushika, na bahari ileile ikamchukua karibu miezi mitatu. Watu wake walikufa kwa kiseyeye mmoja baada ya mwingine hadi wazima wa kuendesha merikebu wakawa wa kuhesabika, na baada ya kufika Malindi Januari 1499 wakaichoma moto merikebu moja kwa kukosa mabaharia. Nguzo aliyoiacha ingali inasimama ufukweni, nyeupe, na watalii huipiga picha. Nilimwonyesha nahodha kwa mbali, nikamwuliza anamfikiriaje yule Mreno. Akasema, “Alikuwa na haraka,” kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kusema kwamba mtu alikuwa mlevi.

Ukitoka Malindi unapita mdomo wa Mto Sabaki, na bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa nchi kavu unaohama. Ukuta wa matumbawe uliokulinda tangu Mombasa hukatika hapo, kwani tumbawe halipendi tope, na mawimbi huja moja kwa moja bila kubisha hodi.

Ngomeni ni mahali pa kudhalilishwa. Unatia nanga karibu na kijiji cha wavuvi, na nje kidogo baharini unaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu mirefu. Ni ya Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa mahususi kutazama miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Basi pamoja na hayo yote, sisi tulikaa mbele ya majukwaa hayo siku mbili kwa sababu upepo ulikuwa umekaza na nahodha hakupenda sura ya ghuba. Kutoka pale watu waliwahi kufikisha setilaiti angani. Sisi tulikuwa tunajaribu kufika Kipini.

Ghuba ya Ungwana ndicho kipande kirefu, na ndicho pekee nilichokiogopa kwa haki. Nchi ni tambarare, hakuna kilima cha kushika kwa macho, maji ni mafupi mbali na ufuo, na Mto Tana unamwaga mchanga mdomoni ambao hufanya kizingiti. Kusi ikiwa kali mawimbi huvunjika juu ya kizingiti hicho, na anayeingia hungoja maji yajae. Nahodha alikaa kwenye usukani tangu alfajiri, hakusema neno ila kumwambia kijana mmoja afue maji yaliyoingia chomboni kwa upo, kijana akafua, nami nikapewa upo wa pili. Huo ndio wakati pekee katika safari nzima nilipofanya kazi yenye manufaa, na naomba uandikwe.

Kipini tulilala siku tatu. Simulizi za pwani humzika Fumo Liyongo huko Ozi, jirani na hapo, yule shujaa mrefu asiyeuawa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Naamini simulizi hiyo neno kwa neno, kwa sababu mbu wa Kipini wameirithi ile sindano. Hapo ndipo mursik ulipopata mnunuzi: mtoto wa mvuvi alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine, akakimbia kuwaita wenzake. Nahodha akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye shehena.

Na Lamu? Unaona kwanza vilima vya mchanga vya Shela, vyeupe, halafu unaingia mkondo kati ya visiwa, halafu punda. Nilifika Jumapili. Si Ijumaa niliyokuwa nimeiandika, wala Jumapili iliyoifuata. Nikaoga.

Kurudi, panga mapema. Nilimwuliza nahodha lini anateremka Mombasa nipate nafasi.

“Kaskazi ikishika,” akasema. “Desemba, Inshallah.”

“Ami, Desemba niko kwenye foleni ya mahindi.”

“Basi tutangoja sote,” akasema, akanipa mkono. Nikapanda basi.

Mwisho, nikuonye juu ya ugonjwa ambao vitabu vya bahari havitaji. Wiki mbili baada ya kurejea Pioneer niliamka gizani, baridi ikikata, mabati yakilia kwa upepo. Nikasikia maji yakipanda, yakipanda kabisa, yakigonga kuta. Nikatazama saa: kumi alfajiri. Nikakaa kitandani wima.

“Yamejaa,” nikasema. “Tung'oe nanga.”

Mama watoto hakufungua macho. “Yamejaa tangu saa tisa,” akasema. “Amka ufunge mfereji, yanamwagika kwa jirani.”